Tanuru na Barafu

Mcheza kwao hutunzwa, lakini wahenga hawakueleza kwao ni wapi. Je, ni mahali litokapo jina la mtu, au ni mahali alipoupatia ustadi wake? Swali hili halina uzito kwa mtu asiyeondoka kijijini, kwa kuwa jina lake na kazi yake hulala nyumba moja. Lina uzito mkubwa kwa Johnny Oduya, Mswidi aliyezaliwa Stockholm tarehe 1 Oktoba 1981, mama yake Mswidi na baba yake Mkenya, akaishi kwa kucheza mpira wa magongo juu ya barafu. Jina lake limechongwa mara mbili katika Kombe la Stanley, tunzo kuu ya mchezo huo katika Marekani ya Kaskazini. Mtu wa Afrika Mashariki alisikiapo jina hilo hujiona kama aliyealikwa karamuni. Inafaa kuuliza kama mwaliko huo ni wa haki.

Jawabu laweza kutafutwa Ufipa, nchi iliyoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Baridi ya Juni na Julai mjini Sumbawanga humfundisha mtu kujitanda blanketi, lakini haigandishi maji ya ziwa hata watu wakacheza juu yake. Ufipa hauna barafu, una malungu. Hayo ni matanuru ya udongo, marefu kupita kimo cha mtu, ambamo wafua chuma wa Kifipa walichoma mawe kwa makaa, kabla majembe ya viwandani hayajashinda sokoni. Baadhi yake yangali yamesimama. Ilungu lilivuta pumzi lenyewe kwa urefu wake, bila mivukuto. Lakini chuma kilichotoka humo kilikuwa kichafu bado, hakifai kwa jembe wala shoka. Kilipelekwa katika tanuru la pili, dogo, liitwalo kintengwe, kikachomwa tena kwa nguvu ya mivukuto, ndipo kikakubali nyundo. Mawe yenye chuma yapo katika nchi nyingi. Tanuru halipo ila pale watu walipolijenga.

Maisha ya Oduya yalipita katika matanuru mawili kama hayo. La kwanza lilikuwa Uswidi yenyewe: viwanja vya barafu, vilabu vinavyopokea watoto wadogo, na kaka yake, Fredrik, aliyemtangulia katika mchezo. Fredrik alikuwa mlinzi, na mwaka 1993 klabu ya San Jose ilimchagua, lakini hakupata kucheza katika ligi kuu. Johnny alizifuata nyayo hizo. Akiwa kijana alikwenda Kanada kucheza katika ligi ya vijana ya Quebec, na mwaka 2001 klabu ya Washington ilimchagua, akawa wa 221 katika orodha. Mtu wa 221 si mtu anayengojewa mlangoni. Alirudi Uswidi.

Hapo ndipo kintengwe ilipoanza. Kwa miaka mitano alifanya kazi nyumbani, katika vilabu kama Djurgården na Frölunda, mbali na macho ya wale waliompita katika orodha. Mwaka 2006 klabu ya New Jersey ilimwita, naye akaingia ligi kuu akiwa na miaka 25, umri ambao wenzake wengi wamekwisha kuizoea. Mwaka 2010 alihamishiwa Atlanta katika mabadilishano ya wachezaji. Mwaka 2011 klabu hiyo yenyewe ilihamia Winnipeg. Na mwaka huohuo Fredrik alifariki katika ajali ya pikipiki. Mwaka 2012 Johnny alipelekwa Chicago.

Kazi yake ilikuwa ulinzi. Katika ligi hiyo alicheza michezo zaidi ya 800, na mabao yake hayakufika 50. Asiyejua atadhani hesabu hiyo ni ya mtu mvivu. Lakini kazi ya mlinzi ni kuzuia jambo lisitokee, na jambo lisilotokea halina shahidi.

Usiku wa tarehe 24 Juni 2013, mjini Boston, Chicago ilikuwa nyuma kwa mabao 2 kwa 1, na muda uliobaki haukutimia dakika moja na nusu. Bickell alisawazisha. Sekunde 17 baadaye Oduya alipiga kutoka mbali. Kile kisahani cha mpira mgumu kikagusa gongo la Frolik, kikagonga mwamba wa lango, kikamwangukia Bolland, naye akakisukuma ndani. Kombe likawa la Chicago. Bao liliandikwa kwa jina la Bolland, nayo ni haki. Lakini pigo lililolizaa lilitoka kwa mtu wa 221. Mwaka 2014 alipata medali ya fedha ya Olimpiki pamoja na Uswidi, na mwaka 2015 alilishika tena Kombe la Stanley.

Sasa swali lijibiwe. Upande wa baba ulimpa jina, na jina si kitu kidogo; limesafirishwa mpaka mahali lilipokuwa halijasikika. Lakini Kenya ilipopata uwanja wa barafu, katika hoteli moja ya Nairobi, mwaka 2005, Oduya alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake. Moto uliompika ulikuwa wa Waswidi, na tunzo ni yao kwanza. Kuidai ni kuvuna shamba la jirani kwa sababu mbegu zinafanana. Tena uwanja huo wa Nairobi ni ushahidi bora kuliko majivuno yote: palipojengwa tanuru, vijana walijifunza, wakaunda timu, na mwaka 2024 Kenya ikapokewa katika shirikisho la dunia la mchezo huo.

Ufipa hauhitaji barafu. Mtoto wa Sumbawanga anayecheza mpira wa miguu juani anahitaji uwanja, mwalimu na mashindano ya kila mwaka. Hilo ndilo ilungu. Anahitaji pia kitu kinachosahauliwa zaidi: mahali pa kurudi atakapokataliwa mara ya kwanza, akachomwe tena, asitupwe kama taka ya chuma. Vipaji vingi havifi kwa kukosa tanuru kubwa, bali kwa kukosa lile dogo. Wazee wa Kifipa walilijua jambo hili kwa mikono yao. Hawakumlaumu jiwe kwa kutoka chafu motoni. Waliwasha moto wa pili.