Asiye na Shaka Haulizi

Jioni ya tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, Armando Galarraga alikuwa amebakiza mtu mmoja tu. Wapigaji 26 wa Cleveland walikwisha kutolewa mfululizo bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza. Wa 27 naye akitoka, mchezo ungeitwa mkamilifu, fahari adimu mno katika besiboli. Jason Donald akaupiga mpira ukatambaa chini, Miguel Cabrera akauokota, akamrushia Galarraga aliyekimbilia kituoni. Mpira na mguu wake vilimtangulia mkimbiaji. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono: salama.

Galarraga akatabasamu, akarudi kurusha, akamtoa mpigaji wa 28.

Waamuzi walikuwa wanne uwanjani. Kanuni yao yasema kwamba mwamuzi asiukosoe wala asitake kuutengua uamuzi wa mwenzake, ila aombwe na yule yule aliyeutoa. Kwa mgeni wa mchezo huu, sheria hiyo yanuka kulindana. Walakini ina hekima yake: aliye karibu na tukio ndiye mwenye jicho, na kila kauli ikiitishiwa baraza, basi wenye sauti kubwa ndio watakaohukumu. Tena mlango haukufungwa kabisa. Mpira ukimponyoka mdakaji upande usioonekana na aliyetoa kauli, yeye humwita mwenziwe, wakanong'onezana pembeni, naye akaibadili kauli yake mwenyewe.

Ila dawa hiyo ni ya mwenye shaka, na Joyce hakuwa nayo. Alikuwa karibu kuliko wenzake wote, na aliamini kwa moyo mmoja kuwa mkimbiaji amewahi. Mtu wa namna hiyo atamwuliza nani, na amwulize nini?

Baada ya mchezo aliitazama picha, akalia, akamwomba Galarraga radhi ana kwa ana. Kamishna Bud Selig hakuutengua uamuzi. Mwaka 2014 ligi kuu iliwaruhusu mameneja kuzipinga kauli kama ile, picha zikatazamwa na waamuzi walioko New York. Yaani mwenza wa kusahihisha akapatikana, lakini mbali na uwanja.

Mchana wa pili yake, zamu ya Joyce ilikuwa nyuma ya mpigaji. Aliyetumwa kumpelekea karatasi ya majina ya wachezaji wa Detroit alikuwa Galarraga. Joyce aliipokea huku akifuta machozi. Daftarini, Donald angali na pigo lake moja.