Mchapuko: Neno Nililolielewa kwa Kuchelewa

Nilikuwa kidato cha pili, hapa Tarime, nilipoona ubaoni kipimo kilichosomeka kwa Kiingereza "mita kwa sekunde kwa sekunde". Nilidhani mwalimu amerudia maneno kwa bahati mbaya. Sikuuliza. Somo lilifundishwa kwa Kiingereza, nami sikuwa na Kiingereza cha kutosha kuuliza jambo ambalo hata kwa Kiswahili nisingejua nilianzie wapi. Nikaikariri fasili, nikaiandika kwenye mtihani, nikapewa alama zangu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nimeelewa.

Deni hilo nilidaiwa ndani ya basi la kwenda Mugumu, na mdai alikuwa mpwa wangu, naye akiwa kidato cha pili. Tulikuwa tumeketi nyuma ya dereva, daftari la fizikia likiwa magotini pake.

"Mjomba," akasema, "mwakani sichukui sayansi. Fizikia imenishinda."

Nikamwomba anisomee palipomshinda. Akaitamka fasili yote kwa Kiingereza bila kukwama. Nilipomuuliza maana yake, akanyamaza. Ukimya ule niliutambua. Ulikuwa wangu wa zamani.

Basi likaanza kuondoka. Nikamwonyesha mshale wa kasi mbele ya dereva. Tuseme, nikamwambia, mshale unatoka sifuri na kufika kilomita 36 kwa saa katika sekunde 10. Kilomita 36 kwa saa ni sawa na mita 10 kwa sekunde. Basi, kila sekunde iliyopita, kasi yetu imeongezeka kwa mita 1 kwa sekunde. "Sekunde" ya kwanza ni ya kasi yenyewe. Ya pili ni ya muda ambao kasi hiyo imebadilika.

"Kumbe hawakurudia!" akasema.

Ndipo nikampa neno: mchapuko. Shule ya msingi kengele ilipogongwa tuliambiwa, "Chapueni miguu!" Aliyetambaa aliambiwa hivyo, na aliyekwisha kuanza kukimbia aliambiwa hivyohivyo. Kauli ile haikujali una kasi gani. Ilikutaka uongeze juu ya uliyonayo. Ndiyo maana, tulipofika mahali tambarare na mshale ukatulia kwenye 80, mpwa wangu alijibu mwenyewe kwamba kasi ni kubwa lakini mchapuko ni sifuri.

Nilijiona mwalimu hodari mpaka tulipopita Nyamongo. Tukiukaribia mto Mara, unaozitenga wilaya za Tarime na Serengeti, dereva akakanyaga breki nasi sote tukainama mbele.

"Mjomba, kuchapuka si kuongeza mwendo? Hapa tumepunguza. Huu nao ni mchapuko?"

Fizikia inasema ndiyo, nao huitwa mchapuko hasi. Tena inasema kwamba hata kwenye kona, mshale ukiwa umetulia palepale, mchapuko upo, kwa kuwa mwelekeo umebadilika. Neno nililolisifu lilibeba sehemu moja tu kati ya tatu. Ningeweza kumpumbaza mtoto kwa maneno mengi, lakini nilimkiri ukweli: wanaistilahi walilichukua neno la njiani wakalitwisha mzigo mkubwa kuliko uliozoeleka. Kisha nikakumbuka kwamba Waingereza nao walifanya vilevile. Neno lao, katika mazungumzo ya kila siku, humaanisha kuongeza mwendo tu, na mtoto wao naye hana budi kufundishwa kwamba breki imo. Lugha yao haikuzaliwa na fizikia, ilitumikishwa humo.

Hapo ndipo penye uzito kwetu tunaopenda lugha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Jembe tunalo, lakini jembe lililowekwa darini halinolewi na udongo. Neno hupanuka linapotumiwa, likaulizwa maswali na mtoto aliye ndani ya basi, likaonekana limepungua, likaongezwa.

Mtihani wa mpwa wangu utakuja kwa Kiingereza, wala sikumdanganya kuhusu hilo. Lakini kabla ya kushuka Mugumu alitoa kalamu, na chini ya fasili ya Kiingereza akaandika: "Mchapuko ni kiasi ambacho kasi au mwelekeo wa kitu hubadilika kila sekunde." Si fasili ya kamusi, lakini ni yake. Nilipomuuliza kuhusu mchepuo wa sayansi, alinijibu, "Nitafikiri, mjomba."

Ndugu wasomaji, mwenye neno bora kuliko mchapuko na alilete tulipime. Asiye nalo, na alitumie hili.