Namchagua Malenga

Mchezo wa Dungeons & Dragons ulipotoka Marekani mwaka 1974, mchezaji alichagua kuwa mpiganaji, mchawi au kasisi. Mwaka 1976 akaongezwa mtunzi ambaye wimbo wake huwatia wenziwe nguvu. Huyo ndiye nimpendaye. Wajukuu wangu humwita "mwimbaji". Mimi nashikilia kuwa ni malenga. Mwimbaji aweza kuimba ya mwenziwe. Malenga hutunga, na neno lake hutenda kazi.

Kanuni za mwaka 1978 zilimtaka mtunzi huyo aanze kwa kuwa mpiganaji. Waswahili twamjua wa namna hiyo: Fumo Liyongo. Hadithi yasema kuwa, alipofungwa, nguvu zake hazikumfaa. Alitunga wimbo wenye fumbo, mjakazi Saada akaupeleka kwa mamaye Liyongo, ukarudi mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Watu wakicheza ngoma, yeye akakata minyororo, wasimsikie.

Ndiyo maana nalitetea jina hili, wasomaji wapenzi. Tukiliacha, wajukuu wetu watadhani shujaa wa maneno alizaliwa ng'ambo.