Sauti ya Mgongoni

Ukikaa kijiweni pale Newala ukawauliza washikaji spika nzuri inatoka wapi, watakutajia Japani, halafu Uchina, kwa sauti ya chini kidogo. Hakuna atakayekutajia Newala. Mimi nimekulia kwenye karakana ya seremala aliyekuwa akizitengeneza papa hapa, juu ya uwanda wa Makonde, si mbali na ule ukingo wanaouita Shimo la Mungu, ambako nchi inakatika ghafla na bonde la Ruvuma linaonekana chini kabisa. Seremala huyo ni mjomba wangu. Na kwetu, ndugu msomaji, mjomba si mtu wa kukuletea nguo ya sikukuu tu. Ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo neno la mjomba mara nyingine linazidi uzito neno la baba.

Tuelewane mapema: spika yote hakuitengeneza yeye. Ile karatasi nyeusi ya duara, koili na sumaku yake alizitoa kwenye redio zilizokwisha kufa, nyingi zikiwa National zilizotoka kiwanda cha Matsushita cha Dar es Salaam. Alichotengeneza ni boksi. Na hapo ndipo watu walipomcheka. "Sasa hapo umetengeneza nini, fundi? Si boksi tu hilo?"

Hakubishana nao. Alichukua spika tupu, akaiunganisha kwenye redio kaseti, akaishika hewani. Ikalia kama mbu aliyefungiwa kwenye kopo. Kisha akaibana kwenye ubao mpana wenye tundu, spika ileile, kaseti ileile, sauti haikuongezwa hata kidogo. Gitaa la besi likatokea, kama mtu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Spika isiyo na boksi inajila yenyewe," alisema.

Nilikuja kuelewa maana yake baadaye sana, nilipoanza kusoma fizikia. Spika ina mbele na mgongo. Karatasi inaposukuma hewa ya mbele, papo hapo inaivuta ile ya nyuma. Sauti nyembamba haina taabu, inakwenda zake mbele. Lakini mdundo wa mitetemo 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, na wimbi refu namna hiyo halizuiwi na kiduara cha inchi 8. Linazunguka, linakutana na mwenzake wa mgongoni aliye kinyume chake, wanafutana. Kimya. Wahandisi wawili wa General Electric ya Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walioandika habari za spika ya namna hii mwaka 1925, walikumbana na jambo hilohilo. Kazi ya boksi basi si kuipamba spika wala kuilinda na vumbi. Ni kuifungia ndani sauti ya mgongoni isije ikaiua ya mbele.

Mwanzo wake mjomba hakuwa na mbao za kuchezea. Alikuwa kijana, miaka ya 1980, na alichokitamani ni mtungi wa bibi.

Hapa lazima nimweleze msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza. Uwanda wetu hauna mito. Mvua ikinyesha inazama mchangani, na chemchemi ziko chini, mabondeni. Kizazi cha bibi kilishuka alfajiri na kupanda na maji kichwani. Mtungi ndani ya nyumba haukuwa pambo. Kwa hiyo mjomba alipoomba, bibi alimjibu, "Mtungi wangu ni wa maji, mwanangu. Huo muziki wako tutaunywa?"

Akasubiri. Kama mwaka hivi baadaye mtungi ukapata ufa, ukawa hauhifadhi maji tena, na bibi akampa bila maneno. Akauziba ufa kwa nta, akakiparuza kinywa mpaka kikawa sawa, akaiketisha spika juu ikitazama dari, na pembeni yake ukanda wa tyubu ya baiskeli ili hewa isitoroke. Udongo uliochomwa ni mgumu, hautetemeki ovyo kama plaiwudi nyembamba. Tena mtungi hauna kuta zinazotazamana, kwa hiyo sauti hairushwi huku na huku ndani yake. Kwa ufupi, bibi alikuwa amemkabidhi boksi ambalo viwanda vingi vingeona taabu kulitengeneza. Jioni watu walikuja barazani kusikiliza taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na sauti ya msomaji ilitoka nene, imeshiba. Bibi aliuweka mtungi huo palepale, jirani na mtungi mpya wa maji.

Maboksi ya mbao yalifuata, na hayo ndiyo niliyojifunzia tangu mwaka 2005, nikiwa darasa la tano. Siri yake ni kwamba hupimi mbao, unapima hewa. Boksi la lita 40, ukilitoboa na kulitia kipande cha bomba la plastiki la inchi 3 chenye urefu wa sentimita 10, hewa ya ndani inakuwa na sauti yake yenyewe, mitetemo kama 47 kwa sekunde. Urefushe bomba mpaka sentimita 20, sauti hiyo inashuka hadi 36 hivi. Bomba likikaa sawa, sauti ya mgongoni inageuzwa njiani na kutoka ikiisaidia ya mbele. Neville Thiele wa Australia alizipanga hesabu hizi mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Mjomba hakuwahi kuwasikia. Yeye alipiga kaseti moja, siku zote ileile, akasogeza koroboi mbele ya bomba na kuutazama ulimi wa moto. Pale moto ulipocheza sana kwenye noti aliyoitaka, basi. Pasipocheza, alichukua msumeno akapunguza bomba kidole kimoja. Ndani alitandaza sufi, hiihii ya mito ya kulalia. Na kabla ya kufunga boksi la pili aligusisha betri ndogo ya redio kwenye waya, kuona kama karatasi zote mbili zinaruka kwenda mbele. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, unarudi kulekule kwenye kujila.

Oda zilikuja msimu wa korosho, pesa zilipokuwa mkononi. Mwaka 2011 akaja mwenye baa kutoka Masasi. Aliagiza maboksi mawili makubwa ya mninga. Siku ya kuyachukua aliyasikiliza, akatikisa kichwa, akacheka kwa furaha. Kisha akatoa mfukoni vibandiko viwili vyenye jina kubwa la Kijapani.

"Mzee wangu, nibandikie hapa mbele."

"Hilo jina halikukata mbao hapa."

"Najua, mzee. Lakini wateja wangu wakiliona watasema huo ndio mziki. Wakiona mbao tupu watasema nimeishiwa."

Mjomba alikataa. Yule bwana hakugombana, aliaga kwa heshima na kuondoka na vibandiko vyake. Maboksi yalibaki. Nilikuwa kidato cha nne, na ada yangu ilikuwa ndani ya yale maboksi. Ililipwa na mbuzi wawili wa bibi. Mwaka uliofuata kwaya moja iliyanunua kwa nusu ya bei. Nilimkasirikia mjomba, na nikisema kwamba hasira hiyo imekwisha nitakuwa nazuga. Kibandiko ni karatasi. Mbuzi ni mbuzi.

Miaka ya karibuni kuna watu wanaopenda spika za kuungaunga kwa sababu nyingine kabisa. Kundi la Konono No. 1 la Kinshasa, la mzee Mawangu Mingiedi, lilikuza sauti ya likembe kwa maikrofoni zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 iliwapagawisha Wazungu kwa ule mkwaruzo wake. Kampuni hiyohiyo ya Ubelgiji, Crammed Discs, ikatoa mwaka 2012 albamu ya Jagwa Music, wana mchiriku wa Dar es Salaam na kinanda chao cha Casio. Nilimpigia mjomba nyimbo hizo kutoka kwenye simu, kupitia boksi lake. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Wanapiga vizuri hawa," alisema. "Spika zao ndizo zinazolia. Waambie waniletee."

Nacheka, lakini nipo upande wake. Anayesifia mkwaruzo mara nyingi ana spika safi nyumbani. Mingiedi alitaka likembe isikike katikati ya kelele za jiji, na hilo ni hitaji la kawaida tu. Fundi wa vyuma chakavu anautaka usafi kuliko mtu yeyote, maana anajua unavyopatikana kwa taabu.

Sabufa za dukani zilipojaa, oda zilipungua. Msimu wa 2018, malipo ya korosho yalipochelewa, zilikatika kabisa. Sikio la kulia la mjomba nalo limekwisha. Siku hizi anapima besi kwa kiganja, anakiweka ubavuni mwa boksi, na ubao ukitetemeka tu ananiambia niongeze gongo ndani. Bado hakosei.

Wiki iliyopita mtu wa Masasi amenitumia sabufa mbili zilizopasuka maboksi, spika zenyewe nzima. Anataka maboksi mapya, na anataka jina mbele. Nimemwambia bei ni moja, liwepo jina lisiwepo, ila jina akalibandike mwenyewe kwake. Alisema atanipigia. Bado hajapiga. Mbao nne nimeshazikata, zimebaki mbili.