Kutoka Arumeru hadi Kabete: Nyuma ya Ngwara Nyeusi

Msafiri atokaye Arusha kwenda Nairobi kwa basi la asubuhi hupita Longido, huvuka mpaka Namanga, kisha huzikata nyika za Kajiado hadi Kitengela. Ni mwendo wa kilomita zipatazo 270, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa mwaka 2018, kazi za maofisa wa nchi mbili hufanyika mahali pamoja. Njia hii nimeipita mara nyingi bila ya kuijali. Safari hii nilikuwa na mambo mawili: wifi yangu wa Ruiru alikuwa amejifungua, na mama yangu, ambaye hulima Arumeru, alikuwa amenituma nikamwulizie habari za ngwara.

Wasomaji wa pwani huenda wakaijua ngwara kwa jina la fiwi. Wakikuyu huiita njahi. Ni mmea wa jamii ya kunde, wenye maua meupe au ya zambarau, na mbegu yake ipendwayo sokoni ni nyeusi ing'aayo, yenye mstari mweupe ubavuni mithili ya ukucha uliokatwa. Kwetu hupandwa katikati ya mahindi. Mahindi yakisha kuvunwa, yenyewe hubaki kijani hata kiangazi kikali, kwa kuwa mizizi yake huzama mbali ardhini, na ng'ombe huyafurahia majani yake. Mbegu zenyewe hatuzili sana. Mama huziita chakula cha Wakenya, na karibu zote huwauzia wachuuzi wapelekao Nairobi. Lakini msimu uliopita funza waliyatoboa maganda mengi mno, naye akaanza kukata tamaa.

"Kaulize," aliniambia, "kama bado wanaitaka hii nyeusi, au nipande maharage, niachane nayo."

Nyamakima ni mtaa wa Nairobi ambao hauna uzuri wa kumvuta mtalii. Ni mahali pa magunia, mikokoteni na vumbi la nafaka. Nilipotaja njahi, mama mmoja mtu mzima, aliyeketi nyuma ya magunia yake, alichota kiganja akanionyesha. Nikamwambia kwamba natoka Arusha. Akacheka.

"Basi hizi ni zako, mwanangu. Zimetoka kwenu."

Nilimwuliza kama angenunua njahi ya rangi nyingine, ikiwa ni nzuri na ya bei nafuu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama angenunua maziwa mekundu. Za rangi ya maziwa na za kahawia zipo, alisema, na wako wanaozila. Lakini mteja anayekwenda kumtazama mzazi hutaka nyeusi, tena inayong'aa, na ile alama nyeupe ionekane. Bei aliyonitajia ilikuwa juu kuliko ya maharage yaliyokuwa pembeni yake. Nikaiandika kwenye daftari kwa ajili ya mama.

Maana ya maneno yale niliiona jioni ile huko Ruiru. Mama mzazi wa wifi yangu alikuwa jikoni tangu mchana. Njahi ilikuwa imelowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa. Ikachemshwa, na maji ya kwanza yakamwagwa pia. Ndipo ikawekwa tena jikoni mpaka ilainike, kazi iliyomaliza mkaa mwingi. Mwisho ilipondwa pamoja na ndizi, akapelekewa mzazi kitandani. Wakikuyu huamini kwamba chakula hicho humrudishia mwanamke nguvu na kumwongezea maziwa. Ile kazi ya kumwaga maji nayo haikuanzishwa bure. Mbegu kavu za ngwara zina vitu vinavyozuia tumbo lisiimeng'enye protini vizuri, na kuloweka na kuchemsha huvipunguza. Wanawake walilijua hilo kwa vitendo, kabla ya mtu yeyote kulipima.

Njahi si chakula tu kwa watu hawa. Mvua za masika wao huziita mvua za njahi, na mlima Kilimambogo, ulio karibu na Thika, una jina lao la kale lenye neno hilo hilo ndani yake. Hata hivyo, zao hili lilipungua mashambani. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika mwaka 1997 jinsi wakulima wa Kenya, wakati wa ukoloni, walivyohimizwa kulima maharage yaliyotakiwa sokoni ng'ambo, na njahi ya wanawake ikasukumwa kando. Zao lililosukumwa kando shambani husahauliwa pia na wataalamu, na ndiyo sababu siku iliyofuata niliona ni vyema nifike Kabete.

Kabete iko magharibi ya mji. Hapo ndipo yalipo makao ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ijulikanayo kama ILRI. Kwa nje mtu huona miti na uwanda wa malisho, na pengine atauliza ngwara inahusiana nini na wataalamu wa ng'ombe. Jibu liko Arumeru kwa mama: ng'ombe wetu huila. Kwa taasisi hiyo ngwara ni malisho, na hazina yake ya mbegu za malisho, iliyoko Addis Ababa, imehifadhi aina nyingi za mmea huu.

Kila chembe ya mmea hubeba maandishi ya urithi, nayo ndiyo yaamuayo rangi ya mbegu, urefu wa mizizi na siku za kukomaa. Maandishi hayo yote kwa pamoja huitwa jenomu. Ya soya yalitangazwa kusomwa mwaka 2010, ya mbaazi mwaka 2011, ya maharage mwaka 2014, ya kunde mwaka 2019. Ngwara ilikuwa nyuma. Mwaka 2011 ulianzishwa umoja wa kushughulikia mazao yatima ya Afrika, wenye maabara katika mtaa wa Gigiri hapo hapo Nairobi, ukaorodhesha mimea 101. Mwaka 2019 ilitoka rasimu ya kwanza ya ngwara pamoja na ya njugu mawe. Lakini rasimu ile ilikuwa kama kitabu kilichochanika: kurasa nyingi zipo, mpangilio haupo.

Mpangilio ulipatikana mwaka 2023, wataalamu wa Kabete wakishirikiana na wenzao wa nchi nyingine. Walitumia mashine ya kusomea inayotosha kiganjani. Walizipanga kurasa katika kromosomu 11 na kuhesabu jeni zaidi ya 30,000. Tena waligundua kwamba mwanadamu aliufuga mmea huu mara mbili, mbalimbali. Iko ngwara yenye mbegu nne katika ganda, iliyoenea hadi India, na iko yenye mbegu mbili, ya Ethiopia, yenye nasaba yake yenyewe. Jambo lililonichekesha kidogo ni kwamba aina iliyosomwa, iitwayo Highworth, asili yake ni India. Mtoto wa Afrika alisafiri, akarudi nyumbani kusomwa.

Hapa msomaji asichanganye mambo. Kusoma jenomu si kuibadili mbegu, wala hakuna kitu kilichopandikizwa ndani yake. Faida yake ni muda. Mtaalamu akizalisha ngwara kwa njia ya kawaida, huchanganya mmea mama na mmea baba, hupanda mamia ya watoto, kisha hungoja wote wakomae ndipo ajue yupi amerithi alichokitaka. Na ngwara nyingine huchukua miezi mingi kukomaa. Akizijua alama za urithi, anaweza kuchukua kipande cha jani la mche mchanga, akakipima, na kuitupa miche isiyofaa kabla haijamaliza nafasi na maji. Pia anaweza kuzitafuta jeni za vile vitu vinavyozuia umeng'enyaji, akachagua mbegu zenye vichache.

Lakini kupata alama hizo ni kazi nyingine kubwa. Lazima mimea mingi ipandwe mashambani, ipimwe kwa funza, kwa ukame, na, nadhani, kwa sufuria pia. Naona hatari moja. Mtaalamu anaweza kutoa ngwara ya kuzaa sana, inayokomaa mapema, ambayo mbegu yake ni ya kahawia iliyofifia. Akapewa sifa, na yule mama wa Nyamakima asiinunue hata kilo moja. Rangi na ule mstari mweupe ni sifa za zao, sawa na mavuno. Na dakika za kuiva zihesabiwe pamoja na magunia, kwa kuwa mkaa wa Ruiru haugharamiwi na maabara.

Niliporudi Arumeru nilimpa mama bei, nikamwambia kwamba nyeusi bado inatakiwa. Nilimweleza pia habari za Kabete, jinsi ngwara yake ilivyosomwa kurasa zote. Alisikiliza kwa makini, kisha akauliza kama wameshapata ile isiyotobolewa na funza.

Nikamwambia bado.

Akaondoka, akarudi na ungo na kibuyu cha mbegu za mwaka juzi, za kabla ya funza. Akaketi mlangoni penye mwanga, akaanza kuchagua zilizo nyeusi kabisa na kuzitenga.