Karanga za Mabira

Dada yangu mpendwa,

Nimefika Mabira nikiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi soksi. Bodaboda niliyopanda Omurushaka ilipata pancha, basi tukaikokota mimi na dereva, migomba kulia, migomba kushoto, yeye akipiga mluzi. Wimbo nikautambua mara moja: Maria Salome wa Saida Karoli, ule ule tulioucheza kwenye harusi ya shangazi hadi viatu vikakatika. Nikadakia. Kilima kikaisha bila kukisikia.

Asubuhi nikaenda gulioni. Nilianza kwa mama ntilie: ndizi na maharage, sh 2,000, na sahani ilipopungua akaniongezea bila kuniuliza. Tafadhali usizilinganishe na ndizi tunazonunua Mabibo kule Dar, zile zimeshachoka na safari. Mzee aliyekaa pembeni akanipa kahawa ya kutafuna, punje kavu zilizofungwa kwa ganda la mgomba. Uchungu kwanza, halafu mdomo unachangamka. Hapa mgeni hapewi kikombe, anapewa punje!

Kisha nikamkuta kijana anayeingiza nyimbo kwenye flashi, kwa sh 1,000 tu. Nikamwomba Saida, zote alizonazo. Akaanza na Maria Salome kwenye spika, na gulio lote likageuka. Mtoto mmoja, kama wa miaka 12, akasema huo ni wimbo wa Diamond. Lo! Mama wa karanga akaweka kopo lake chini. "Wewe, Saida ameuimba hujazaliwa!" Na ni kweli: Saida aliutoa 2001, Diamond na Rayvanny wakauchukua na kuufanya Salome mwaka 2016. Mtoto akasikiliza wa zamani mpaka mwisho, mabega yakimcheza, kisha akaomba urudiwe.

Nami nilikuwa naimba, dada, kama tunavyoimba sisi Dar, sauti tupu bila maneno. Mama wa karanga akanishika mkono, akanikalisha kwenye ndoo. Yeye ni Mnyambo na Saida ni binti wa Bukoba anayeimba Kihaya, lakini lugha hizi ni ndugu, hakuna neno lililompita. Akanieleza mstari kwa mstari, huku vidole vikimenya karanga: hapa anabembeleza, hapa analalamika, hapa anacheka. Kila maelezo yanafungwa na neno lao la heshima, "waitu", kwa upole kama anayemfunika mtoto shuka. Miaka yote nilidhani ni wimbo wa kucheza tu. Kumbe Saida anaigiza kwa sauti, anabadilika moyo ndani ya dakika chache, na ngoma inamfuata. Watu walimpenda nchi nzima bila kumwelewa. Fikiria hawa wanaomwelewa!

Akinamama wa vitenge wakasogea, mmoja akageuza dumu la maji likawa ngoma. Nikarekebishwa matamshi na watu sita kwa pamoja. Jua likatukuta hapo hapo.

Karanga nilinunua mafungu manne kwa sh 2,000, la tano nikapewa bure kwa sababu nilipatia kiitikio. Mfuko ukapasuka kwenye bodaboda ya kurudi, yamebaki mafungu mawili, nayo nimeyafunga ndani ya kanga yako. Flashi iko salama mfukoni. Mwambie shangazi atafute spika, mimi nitamweleza maneno.

Mdogo wako.