Vidonge vya shemeji

Wiki mbili hizi nimekuwa kiguu na njia kwenda Mbwawa kwa dada yangu. Kajifungua njiti, kilo 1.6.

Jumamosi nilimkuta mama kwenye mkeka, mjukuu kamfunga kifuani kwa khanga, ngozi kwa ngozi, ili dada apate kulala. Shemeji akanivuta pembeni, akatoa mfukoni vidonge vya zinki, miligramu 20.

"Si uliandika mwenyewe, shemeji?"

Niliandika, kweli. Novemba, kwenye siku ya njiti duniani, nilipeleka aya saba, zikatoka tatu, na kichwa cha habari kikatangaza kwamba zinki inakuza njiti. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 yanasema zinki *inaweza kufikiriwa* kwa njiti anayenyonya maziwa ya mama na asiyeipata kwingine. Ushahidi wenyewe ni dhaifu. Najua, "inaweza kufikiriwa" haiuzi gazeti.

Mantiki ipo. Mtoto hupata sehemu kubwa ya zinki yake tumboni, miezi mitatu ya mwisho, na huyu wetu hakuimaliza. Lakini vidonge vile ni vya kuharisha, na hata mwenye kuharisha, akiwa chini ya miezi sita, hupewa nusu.

Isitoshe, tuna mfano hapa hapa nchini. Pemba walijaribu zinki kwa watoto wa mwezi 1 hadi 48, zaidi ya 42,000. Matokeo yalichapishwa 2007: vifo havikupungua kiasi cha kuthibitisha lolote. Madini ya chuma na foliki asidi ndiyo yaliyotisha zaidi. Ripoti ya 2006 ilionyesha waliopewa walilazwa na kufa zaidi kuliko wasiopewa, na utoaji ulikuwa umeshasimamishwa. Kisiwa chenye malaria, na dawa iliyoonekana haina neno.

Nikampigia muuguzi ninayemfahamu. Hakuniuliza habari za utafiti. Aliuliza, "Anapewa matone gani?"

Dada akaleta chupa ya vitamini aliyopewa hospitali. Tukamulika lebo kwa tochi ya simu. Zinki ilikuwamo, mstari wa tano.

Shemeji akarudisha vidonge mfukoni, kimya. Mimi ndiye niliyeona aibu.

Jumatatu nilimpelekea mhariri sahihisho la mistari minne. Leo Alhamisi halijatoka, ndiyo maana naliweka hapa.